Vifaranga na Mwewe: Somo la Kulinda Kuku Waendao Huru



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo lililo dogo machoni pa wengi, lakini si dogo kwa mama afugaye kuku. Mtu apitaye asubuhi katika vitongoji vya Iyunga, kandokando ya reli ya TAZARA na barabara kuu iendayo Tunduma, husikia mara nyingi kelele moja: "Mwewe! Mwewe!" Watoto hutoka mbio, mmoja hupiga debe, mwingine hurusha donge la udongo, kuku mwenye vifaranga hutanua mabawa na kulia. Lakini watu wakitazama juu, ndege amekwisha pita, na kifaranga mmoja yu katika makucha yake.

Mama mjane mmoja tunayemfahamu alikuwa na kuku watatu. Kuku wa kwanza aliangua vifaranga kumi na wawili. Baada ya majuma matano walibaki watatu. Kwa fedha za kuku hao alitazamia kumnunulia mjukuu wake sare ya shule na madaftari. Alipotujia kutaka shauri, hakupenda kusikia habari ya tenga wala ya banda. Alitaka sumu ya kumwulia mwewe. Basi somo hili tumeliandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya wengi walio na nia kama yake. Twataka kuonyesha mambo matatu: kwanza, ya kuwa mwewe si mwizi wa pekee, pili, jinsi ya kumlinda kifaranga katika siku za udhaifu wake, na tatu, kwa nini sumu humrudia yule yule aliyeitega.

1. TUHESABU KWANZA

Wazee wetu husema, mali bila daftari huisha bila habari. Mtu afugaye kuku waendao huru huona kifaranga mmoja amepungua leo na mwingine kesho kutwa, naye husema upesi, "Ni mwewe," kwa sababu mwewe ndiye aonekanaye. Mwizi wa usiku haonekani, na ugonjwa hauna mabawa. Kwa hiyo lawama zote humwangukia mwewe, hata zile zisizo zake.

Yafaa basi kila mfugaji awe na daftari dogo. Aandike siku ya kuangua na hesabu ya vifaranga. Kila jioni awahesabu wakiingia bandani. Akikosekana mmoja, aandike ni wakati gani alipotea, na alama gani zilionekana. Alama hizi ndizo zitakazomfundisha:

Kifaranga akitoweka mchana, pasipo damu wala unyoya, mwenye kosa huenda ni mwewe au kunguru. Ikionekana fungu la manyoya yaliyonyonyolewa mahali pamoja, na kuku ameliwa nyama ya kifua, huyo huenda ni kipanga. Kuku kadhaa wakikutwa asubuhi wamekufa bandani, shingo zao zimeumwa, hapo amepita mnyama wa usiku, kama kicheche au kanu. Mayai yakitoboka na maganda kubaki, mshuku kunguru au nguchiro. Yakitoweka mazima mazima, mshuku nyoka, wala usisahau mkono wa binadamu. Lakini kuku wakisinzia, wakavimba macho au kukunja shingo, wakahara kijani, kisha wakafa wengi kwa siku chache, huo si mwewe hata kidogo. Huo ni kideri, ambao wengine huuita mdondo.

Mama yule alikubali kuandika kwa vifaranga wa kuku wake wa pili. Alipofunga hesabu, aliona ya kuwa waliochukuliwa na ndege mchana ni wanne. Wawili walikufa kwa baridi baada ya kunyeshewa mvua jioni. Mmoja alizama katika sufuria ya maji. Hata alipokuwa akitusomea daftari lake alinyamaza kidogo, maana aliona ya kuwa hao watatu wa mwisho hakuwaibia mtu, aliwapoteza mwenyewe.

Juu ya kideri hatutasema mengi leo, ila hili moja: katika vijiji vya nchi yetu ugonjwa huu huua kuku wengi sana, na waweza kumaliza kundi zima mahali ambapo mwewe angechukua vifaranga wachache tu. Kinga yake iko. Chanjo iitwayo I-2 hutengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Hustahimili joto kuliko chanjo za zamani. Nayo hutiwa tone moja katika jicho la kila kuku, ikarudiwa kila miezi mitatu. Hutiwa kuku walio wazima, maana haiponyi aliyekwisha ugua. Mfugaji amwendee afisa mifugo wa kata yake kabla ya ugonjwa kuingia. Kumkinga kifaranga na mwewe, kisha kumwacha afe kwa kideri, ni kazi ya bure.

2. TUWAJUE NDEGE WENYEWE

Watu wengi huita kila ndege mwenye mdomo wa kupinda "mwewe". Lakini si wote walio na desturi moja, wala si wote walio adui zetu. Katika nyanda hizi za juu, toka Mbeya hata Iringa, twaweza kuwatambua hawa:

Mwewe mwenyewe ni ndege wa rangi ya kahawia, mdomo wake ni wa njano, na ncha ya mkia wake ina panda. Akiruka, huupindapinda mkia huo huku na huku kama usukani. Hapendi kupigana. Huzunguka polepole juu ya nyumba na barabara, akitafuta mizoga, matumbo ya samaki na kuku, panya, kumbikumbi, na chochote kinyakulikacho kwa urahisi. Hushuka mara moja, hunyakua kwa miguu bila kutua, naye aweza kula akiwa angani. Uzito wake haufiki kilo moja, kwa hiyo hawezi kumchukua kuku mkubwa. Anyakuaye ni kifaranga. Hilo tulishike sana, maana ndilo msingi wa somo hili: kuku huwa katika hatari ya mwewe kwa majuma machache tu ya maisha yake.

Kipanga ni mwingine. Vipanga wako wa namna nyingi, wakubwa na wadogo. Aliye mkubwa kupita wenziwe ni mweusi mgongoni, na mara nyingi kifua chake ni cheupe. Hazunguki angani kama mwewe. Hukaa kimya ndani ya miti mirefu, hasa katika mashamba ya mikaratusi, kisha hutokea chini chini kwa kasi, akipita kati ya miti na nyumba. Chakula chake hasa ni njiwa na hua, lakini huyu aweza kumwua hata mtemba. Mahali alipo, kelele za watoto hazifai kitu, kwani hawamwoni hata amekwisha shika.

Kunguru mwenye kifua cheupe si wa jamii ya mwewe, walakini twamweka katika orodha hii kwa sababu ya ujanja wake. Huja wawili wawili. Mmoja humchokoza kuku mama, naye mwenzake hunyakua. Huiba mayai pia.

Tena wako ndege wawili tunaowaonea bure. Wa kwanza ni yule mkubwa mwenye mabawa mapana na mkia mfupi wa rangi ya kutu, ambaye hukaa juu ya nguzo za umeme au hujitundika juu ya mashamba akiukabili upepo. Tumbo lake huwa jeupe, na wengine ni weusi. Wa pili ni tai mweusi mwenye ushungi mrefu kichwani. Hawa chakula chao kikubwa ni panya, fuko na nyoka. Huenda huyo wa kwanza akachukua kifaranga siku moja, hatukatai. Lakini kazi yake ya kila siku ni kulinda mahindi yetu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ambao wamewachunguza panya kwa miaka mingi, wamekadiria ya kuwa panya huharibu kwa mwaka kiasi cha sehemu 15 katika kila 100 za mahindi ya nchi hii. Mtu auaye mla panya, na asihesabu alichookoa tu; ahesabu na atakachopoteza ghalani.

3. MAJUMA SITA YA KWANZA

Sasa twafika penye kiini cha jambo. Mwewe angani hatumwezi. Mabawa ni yake na anga ni lake. Chini twamweza, kwa sababu kifaranga ni wetu na uwanja ni wetu. Kifaranga aliyeanguliwa leo ana uzito wa kama gramu 30, hana mbio, wala hajajua maana ya kivuli kipitacho. Akifikisha majuma sita, hata manane, amekwisha kuwa mzito, ana manyoya, na hukimbia kichakani kabla hajaitwa. Basi kazi yetu yote ni kumvusha majuma hayo.

Njia iliyo rahisi ni tenga. Wasomaji wa upande wa Iringa wanayajua sana matenga ambayo nyanya za Ilula husafirishwa ndani yake. Tenga lililokwisha kuchakaa kwa nyanya bado lafaa kwa vifaranga. Ligeuzwe kinywa chini juu ya majani mafupi, kuku na wanawe wakae ndani, na jiwe liwekwe juu ili mbwa asilipindue. Nafasi kati ya fito iwe nyembamba, kunguru asipate kupenyeza kichwa. Nusu ya tenga ifunikwe kwa majani ya mgomba au gunia, wapate kivuli. Kila siku lihamishwe mahali pengine, wasikae juu ya mavi yao wenyewe.

Baada ya juma la pili tenga huwa dogo. Hapo tutengeneze kizimba cha fito au mianzi, urefu wake kama mita mbili na upana mita moja, juu na pande zote kifunikwe kwa wavu. Asiye na wavu mpya atumie chandarua kuukuu kisichofaa tena kwa kulalia, akikikunja mara mbili. Chandarua kizima kisichukuliwe kitandani pa mtoto kwa ajili ya kuku; malaria ni mwewe mbaya kuliko huyu.

Wengine humfunga kuku mama kamba mguuni, wakidhani vifaranga hawataenda mbali. Hatushauri hivyo. Kuku aliyefungwa hawezi kuwakimbilia wanawe wala kuwaongoza kichakani. Twamfunga yeye, na mwewe twamwacha huru.

Vifaranga waliozuiliwa hawawezi kujitafutia, kwa hiyo imetupasa kuwalisha. Chenga za mahindi, pumba, mashudu ya alizeti kidogo, vumbi la dagaa, na majani mabichi kama mchicha yatosha. Mchwa ni chakula kizuri mno, nao hawana bei: chukua chungu kikuukuu, kijaze mabua makavu na mavi ya ng'ombe yaliyoloweshwa, kipindue jioni juu ya tundu la mchwa, na asubuhi utakikuta kimejaa. Maji yawe katika kisahani kifupi chenye vijiwe ndani, asizame mtu. Hapo mama yule alicheka, akikumbuka sufuria yake.

Lipo na shauri jingine, ambalo maafisa ugani hulifundisha sana: kuku wawili au watatu waatamishwe siku moja. Yule wa kwanza kutaka kuatamia apewe mayai ya viza ya kumdanganya, hata wenzake wawe tayari. Kisha wote wawekewe mayai mazuri usiku mmoja. Baada ya siku 21 vifaranga wote hutoka pamoja, na ulinzi huwa mmoja. Ni afadhali kulinda vifaranga 30 kwa majuma sita, kuliko kulinda kumi leo, kumi mwezi ujao, na kumi mwezi ule mwingine, ambapo mlinzi huchoka na mwewe hachoki. Tena vifaranga wakiisha kutimiza majuma manne katika kizimba chenye joto, kuku mama aweza kutengwa nao, naye atarudi kutaga mapema kuliko yule aliyeachiwa wanawe mpaka wamwache wenyewe. Lakini katika baridi ya Juni na Julai, tusiwe na haraka ya kumwondoa. Joto la mabawa yake halina mfano.

4. MAFICHO UWANJANI

Wakiisha kufunguliwa, vifaranga wahitaji mahali pa kukimbilia. Kuku kwa asili yake ni ndege wa vichakani. Uwanja uliofagiwa mweupe, usio na mti wala jani, hupendeza macho ya mgeni, lakini kwa mwewe ni sinia iliyoandaliwa. Hili huonekana hasa baada ya mavuno. Wakati wa masika mahindi na maharagwe huwaficha kuku. Lakini mashamba yakivunwa, na majani kukauka hata Oktoba, nchi hubaki uchi, na hasara huzidi.

Basi, tusifagie kila mahali. Upande mmoja wa kiwanja tuache migomba, mabingobingo, au safu ya vichaka, na kuku wapewe chakula karibu na hapo, si katikati ya uwanja. Penye uwazi mkubwa tuweke vibanda vifupi: miti minne yenye kimo cha goti, juu yake mabua au majani. Kibanda kimoja kila hatua kumi au kumi na tano chatosha. Mtu mwenye bidii aweza kupandisha mpasheni au mchayote juu ya kichanja. Chini yake kuku watapata kivuli, na juu yake nyumba itapata matunda.

Wakati pia una neno lake. Mwewe hupenda kuruka jua likiisha kuipasha ardhi joto, maana hewa ipandayo humchukua bila jasho. Kwa hiyo vifaranga waliotimiza majuma manne hadi sita yafaa wafunguliwe kwanza kwa muda mfupi, jioni toka saa kumi na moja, mtu akiwa karibu nao, hata wazoee kukimbilia maficho. Naye jogoo mwangalifu asichinjwe ovyo. Mlio wake wa hadhari umeokoa wengi. Kanga nao ni walinzi wazuri, ijapokuwa kelele zao huwachosha majirani.

5. VITISHO NA RANGI

Watu hutundika sidii kuukuu zing'aazo, utepe wa kaseti, chupa za plastiki, au husimamisha sanamu ya mtu. Vyote hivi husaidia, lakini kwa siku chache. Ndege hawa wana macho makali na kumbukumbu pia. Wakiona sanamu haitembei juma zima, huja kutua juu ya kofia yake. Atumiaye vitisho na avihamishe kila baada ya siku mbili tatu, na aviondoe kabisa wakati asipokuwa na vifaranga. Nyuzi zilizopitishwa juu ya uwanja mdogo, kutoka mti hadi mti, kwa nafasi ya nusu mita, hufaa zaidi, kwa kuwa mwewe huchelea kunasa mabawa.

Wako tena katika Afrika Mashariki wawapakao vifaranga rangi ya zambarau au nyekundu, kusudi mwewe asiwatambue kuwa ni chakula. Atakaye kujaribu asitumie rangi ya mbao wala ya chuma, maana vifaranga huchokorana na kuila. Dawa ya vidonda iitwayo jivii, ikizimuliwa kwa maji, haina ukali huo. Lakini asiitegemee peke yake, wala asiache tenga.

6. HABARI YA SUMU

Sasa twarudi kwenye ombi la mama yule. Alikuwa amesikia ya kuwa mtu akitia dawa ya wadudu ya shambani ndani ya kifaranga mfu na kumweka juu ya paa, mwewe atakula na kufa. Ni kweli, atakufa. Lakini sumu haijui jina la aliyekusudiwa. Mwewe huangusha kipande uwanjani kwa jirani, mbwa hukila. Kuku hudonoa kilichoanguka. Mtoto huokota ndege aliyekufa na kumpeleka jikoni, akidhani amepata kitoweo. Nayo mvua huosha paa, na maji yale huingia katika pipa la kunywa.

Tunao mfano mkubwa katika nyanda zetu wenyewe. Mwezi wa Februari 2018, katika eneo la Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mkoani Iringa, simba 6 na tumbusi zaidi ya 70 walikutwa wamekufa, nao walidhaniwa kuwa wameuawa kwa sumu iliyotiwa katika mzoga. Tumbusi ndio wafagizi wa nchi. Wakitoweka, mizoga huoza, na mbwa na inzi huzidi. Kifaranga mmoja mwenye sumu juu ya paa ni jambo lile lile kwa kipimo kidogo. Tena Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 yakataza kuua wanyama na ndege wa porini pasipo kibali. Ndege asumbuaye kupita kiasi, habari zake zipelekwe kwa maafisa wa wanyamapori wa wilaya.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya bundi. Wako hata watu wa makanisani ambao wakimsikia bundi juu ya paa hutoka na mawe, wakimwita mjumbe wa wachawi. Ndugu zetu, bundi huja penye nyumba kwa sababu penye nyumba pana ghala, na penye ghala pana panya. Atakaye ushuhuda aende asubuhi chini ya mti bundi alalapo. Ataona vidonge vikavu vya manyoya, ambavyo bundi huvitapika. Akikivunja kimoja kwa kijiti atakuta ndani mifupa midogo na mafuvu ya panya. Walimu wa shule ya Jumapili wawaonyeshe watoto jambo hili kwa macho yao. Litawafaa kuliko kuwakemea juu ya ushirikina kwa maneno matupu.

7. KAZI YA MAJIRANI

Mtu mmoja aweza kutengeneza tenga, lakini hawezi kusafisha mtaa mzima. Mwewe huvutwa na uchafu. Mahali ambapo matumbo ya kuku, vichwa vya samaki na mabaki ya machinjioni hutupwa wazi, hapo hukusanyika ndege wengi, nao wakikosa takataka hutazama vifaranga. Tukizika matumbo na mizoga katika shimo lililofunikwa, tumewapunguzia sababu ya kuja kwetu. Jambo hili lafaa kuamuliwa na nyumba kumi au ishirini pamoja, kwani shimo la mmoja halifai kitu ikiwa jirani yake hutupa njiani.

Kadhalika majirani wanaweza kukubaliana kuatamisha kuku wao majira mamoja, watoto wao walinde kwa zamu baada ya shule, na siku ya chanjo iwe moja kwa wote, maana dawa hutoka katika vichupa vya dozi nyingi, na mwenye kuku watano huona hasara kununua kichupa peke yake.

Mama yule wa Iyunga hakupewa sumu. Alipewa matenga mawili makuukuu. Kuku wake wa tatu aliangua kumi na mmoja. Alikaa nao tengani, kisha kizimbani, na daftari likaendelea. Wawili walikufa katika juma la kwanza. Mmoja alichukuliwa na kunguru siku ile ile ya kwanza ya kufunguliwa, mbele ya macho yake, naye aliandika. Wanane walikua. Mwewe bado azunguka juu ya nyumba yake kila siku saa nne, wala yeye hamtupii mawe tena.

MASWALI YA KUJIFUNZIA

Twawaomba walimu wa mitaa wayasome maswali haya pamoja na vikundi vya akina mama na vijana, na kila mtu ajibu kwa mambo ya nyumbani kwake.

1. Katika vifaranga uliowapoteza mwaka uliopita, ni wangapi ulioona kwa macho wakichukuliwa na ndege? Waliobaki walipotelea wapi?
2. Ni alama gani ziwezazo kututofautishia mwewe, kipanga, kicheche na kideri?
3. Kwa nini mwewe hawezi kumchukua kuku mkubwa, na jambo hilo latufundisha tufanye kazi wakati gani?
4. Tazama uwanja wako adhuhuri. Kifaranga akishtuka katikati yake, atakimbilia wapi?
5. Sumu ikiwekwa juu ya paa moja, yaweza kufika kwa nani na nani katika mtaa wenu?
6. Ni ndege gani wa kwenu wanaokula panya? Watajeni kwa majina ya lugha za nyumbani, na waonyesheni watoto.